PELEKA KWA FUNDI??? MIMI NDIYE FUNDI!

FundiMalaba
Banange, sijala tangu asubuhi. Yule mtu mnamjua. Simtaji, nikimtaja nitakuwa nimempa shukrani ya 48.

Juzi kaka mmoja kaleta swali: pikipiki yake ya Boxer asubuhi haiwaki mpaka isukumwe na wanaume watatu na kuombewa. Nikasema huyu ni ndugu, acha nimsaidie. Stima imekatika, simu ina asilimia tisa, mbu wananila kama wamealikwa, nikaandika. Nikaanza na plagi, ile ya cheche: ichomoe uitazame, ikiwa nyeusi kwa masizi jua petroli inazidi. Nikaja kwa kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa: ile skrubu ndogo chini ya kikombe ilegeze, kinga petroli kwenye chupa nyeupe, iache itulie, maji yakiwemo utayaona yamekaa chini. Nikaonya jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli, isichokonolewe kwa waya wa chuma, tundu litapanuka na pikipiki itafyonza mafuta kama wazee kwenye chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi. Nikaweka na picha tatu, mishale myekundu nimeichora kwa kidole.

Naamka, chini ya jibu langu yule mtu kaandika maneno matatu. Matatu!

"Peleka kwa fundi."

Shukrani 47. Na mwenye swali kambandika alama ya kijani, Jibu Bora.

Kwa fundi yupi? MIMI NDIYE FUNDI! Jina langu humu ni fundi! Picha yangu ni spana!

Na mimi nimepata nini? Uso mmoja wa kucheka. Mtu anacheka nini kwenye kabureta?

Ngojeni, haijaisha. Leo mwenye swali karudi: "Asante mkuu, nilipeleka kwa fundi, akasoma maelezo fulani marefu kwenye simu yake, akamwaga maji ya kabureta, ikawaka." MAELEZO FULANI! Fundi huyo kalipwa elfu kumi na tano. Yule wa maneno matatu kapata shukrani. Mimi, uso wa kucheka.

Peleka kwa fundi. Nimehesabu, ni herufi 14. Shukrani 47 kwa herufi 14! Ningekuwa nauza herufi kwa bei hiyo, sasa hivi nina lori mpakani.

Wasimamizi, ondoeni hicho kitufe cha Shukrani, au ongezeni cha Dharau tujue moja.

Mama_Chapati
Fundi, pole sana. Sijasoma yote. Peleka kwa fundi.
*Shukrani: 22*

Korongo_wa_Mbale
Mimi nimefika kwenye mbu nikachoka.
*Shukrani: 9*

FundiMalaba
Mama Chapati, 22 kwa kutonisoma! Na majina ya waliobonyeza nayaona, tutakutana mkiharibikiwa njiani.

Mkoda_Ntinda
Fundi, tulia nikueleze. Kitufe hicho hakipimi kazi, kinapima kilichosomwa mpaka mwisho. Mtu yuko kwenye teksi, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika kuku. Maneno matatu anayamaliza kabla kondakta hajadai nauli. La kwako anasema nitalisoma nikifika, na akifika anapika.
Kule Stack Overflow tunakoulizana mambo ya programu, jibu lako likipigiwa kura ya juu unapata pointi 10, muulizaji akilikubali unapata 15. Kwa miaka mingi, kabla hujafikisha pointi 15 hukuruhusiwa hata kumpigia mwenzako kura. Na ukishusha jibu la mtu, na wewe unakatwa pointi moja, kwa hiyo dharau kule ina bei. Humu mtu kajiunga jana, kidole chake kina uzito sawa na cha...

Korongo_wa_Mbale
Mkoda, peleka kwa fundi.
*Shukrani: 31*

Ssalongo_Jinja
Afadhali nyinyi mna kitufe. Facebook walileta kidole 2009, zile nyuso 2016, halafu Januari 2021 sisi huku Uganda tukafungiwa. Nimewasha VPN, ile programu ya kukwepa kufungiwa, ili nibonyeze picha ya mtoto wa dada yangu, MB zote zikaisha hata picha haijafunguka. Dada kanipigia: "Kaka, mbona watu wote wameweka moyo isipokuwa wewe?" Mpaka leo hatusemezani vizuri.

MwekaHazina
Mnalia kwa vidole, ninyi! Mimi natunza pesa za kikao cha harusi. Tangu WhatsApp walete zile alama za kubandika juu ya ujumbe 2022, hakuna anayejibu tena kwa maneno wala kwa pesa. Nimeandika: "Ndugu, mahema bado milioni moja na nusu." Mikono ya dua 38. Pesa iliyoingia elfu ishirini, na aliyetuma ni bwana harusi mwenyewe.
*Shukrani: 64*

Mama_Chapati
Bwana harusi mwenyewe! Mbavu zangu mimi. Mweka Hazina, sisi ni ndugu. Kuna kijana wa bodaboda kasifu rolex yangu, chapati ya mayai, kwenye kikundi cha steji, mioyo kibao. Mayai manne niliyomkopesha bado hajalipa tangu Pasaka. Nikimuuliza ananibandikia moyo.

FundiMalaba
Tulikuwa kwenye kabureta jamani.

Korongo_wa_Mbale
Mweka Hazina, hiyo harusi ni lini, na pilau itakuwepo?

MwekaHazina
Ipo ukichanga. Namba nakutumia pembeni.

Korongo_wa_Mbale
🙏

MwekaHazina
Umeona sasa?

Kijana_Bombo
Samahani wakubwa, mimi mgeni humu. Boxer yangu inatoa moshi kila asubuhi nikiiwasha. Tatizo linaweza kuwa nini?

FundiMalaba
Moshi wa rangi gani? Ukiwa mweupe na ukaisha ikishapata joto, huo ni unyevu wa usiku, usihangaike. Ukiwa wa bluu, ni oili inaungua. Ukitoka wakati wa kuwasha tu halafu ukakata, shuku sili za vavu. Ukizidi kila ukizungusha mkono wa mafuta, shuku ringi za pistoni. Imetembea kilomita ngapi? Chomoa plagi uipige picha, usiifute. Nachaji simu kidogo, nakuja na maelezo.