Bar Kokhba, Shabbetai Zvi au Rebbe wa Brooklyn: nimchukue yupi kwa mada ya Wayahudi na Masihi?

Kibatari (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Nimepangiwa kutoa mada, "Wayahudi wanamsubiri Masihi wa namna gani?" Nimesoma wiki mbili, kichwa kimejaa. Nikimwaga nadharia tupu watu watasinzia, kwa hiyo nataka mtu mmoja ambaye Wayahudi wenyewe waliwahi kuamini ndiye, nimfanye mfano. Nimebaki na watatu. Bar Kokhba, aliyepigana na Warumi mwaka 132 hadi 135. Shabbetai Zvi wa Izmir, yule wa 1666. Na Rebbe, yaani kiongozi, wa kundi la Kiyahudi la Lubavitch, Menachem Mendel Schneerson, aliyefariki New York mwaka 1994 na baadhi ya wafuasi wake wanamngoja mpaka leo. Yupi? Nijibuni kabla ya Ijumaa, napeleka vipeperushi kuchapwa.

Mama Upendo
Unaongea na nani? Kanisani, chuoni, au kijiweni? Dakika ngapi? Watakuwepo watoto? Mwanangu, umeuliza bei bila kusema unanunua nini.

Nyundo ya Seremala
Bar Kokhba, hakuna mjadala. Jina lake hasa ni Simoni bar Kosiba. Rabi Akiva, mwalimu mkubwa kuliko wote wa zama zile, alimwona akasema huyu ndiye mfalme Masihi, ndipo likatoka hilo "mwana wa nyota", kutoka Hesabu 24:17. Mwenzake Yohanan ben Torta akamjibu: Akiva, majani yataota mashavuni mwako na mwana wa Daudi atakuwa bado hajaja. Jibu hilo limehifadhiwa kwenye Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa mafundisho na mijadala ya marabi, hawakulificha.

Na huyu si wa hadithi tu. Alipiga sarafu zake mwenyewe. Barua zake zimekutwa mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi, na katika mojawapo anaagiza matawi ya mitende na malimau ya sikukuu ya Vibanda kwa ajili ya watu wake. Vita inawaka, Masihi anahangaikia malimau! Vijana watakaa macho, nakuhakikishia. Ngome yake ya mwisho, Betar, ilipoanguka mwaka 135 naye akauawa, habari ikaisha.

Wa Kilindini
Ndugu Seremala, hayo ni malimau tu. Shabbetai Zvi ndiye mwenye kisa. Mwaka 1665 kijana mmoja wa Gaza, Nathan, akatangaza kwamba huyu ndiye. Habari ikaenda kwa barua, kutoka Yemen mpaka Amsterdam. Watu wakafunga saumu, wengine wakauza mali zao wajiandae kwa safari. Mwaka uliofuata dola ya Uthmaniya ikamkamata, akapelekwa Edirne mbele ya Sultani Mehmed wa Nne, akapewa hiari: kilemba au kifo. Akachagua kilemba. Akaitwa Aziz Mehmed Efendi, akapewa na posho ya serikali.

Wengi walirudi nyumbani na aibu yao. Wengine wakasema kusilimu kwake ni siri ya ndani, wakamfuata, na kizazi chao kikakaa Salonika kikiitwa Donme. Hapo ndipo penye somo.

Halafu sisi Waislamu pia tunamwita Isa bin Maryamu Masihi. Neno ni moja, mzigo ni tofauti. Hilo uliseme mwanzo kabisa, la sivyo kila mtu ukumbini atakuwa anasikiliza Masihi wake.

Nyundo ya Seremala
Neno lenyewe maana yake aliyepakwa mafuta. Mfalme alipakwa, kuhani alipakwa. Hata Koreshi mfalme wa Uajemi anaitwa masihi wa Bwana kwenye Isaya 45:1, na hakuwa Myahudi.

Mgagaa na Upwa
Kwetu Wakatoliki tunasema Masiya, si Masihi. Naomba tutumie neno moja uzi mzima.

Nyundo ya Seremala
Tumia lako, mkuu. Hakuna anayekuzuia.

Kibatari
Ni kanisani, kikundi cha Biblia, vijana na wazee mchanganyiko, kama saa moja. Samahani Mama Upendo. Kuna jambo jingine nilisahau: atakuwepo mgeni, mhandisi wa maji, ni Myahudi. Mwenyekiti amemwalika, anadhani itanoga.

Mama Upendo
Ulisahau!

Mzee wa Usa River
Kijana, usichape chochote kwanza. Nisikilize.

Miaka iliyopita kanisani kwetu, sitalitaja, tuliandaa usiku wa "Pasaka ya Kiyahudi". Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa maandalizi, kwa hiyo lawama naibeba. Tulimwalika bwana shamba mmoja Mmarekani, Myahudi, alikuwa kwenye mradi wa maharage, mtu mpole. Akaja na mkewe. Mkate usiotiwa chachu hatukujua utapatikana wapi, akina mama wakapika chapati. Unga ulikandwa asubuhi, ukalala mpaka jioni. Yule bwana aliniambia taratibu kwamba kwao, tangu maji yaguse unga mpaka mkate uingie motoni, zisipite dakika 18. Zikipita, umechachuka huo. Akala chapati zetu hata hivyo, maana Pasaka yenyewe ilikuwa bado wiki mbili.

Tukamimina kikombe cha Eliya, maana kwao Eliya ndiye atakayetangulia kutangaza habari za Masihi. Juisi ya zabibu. Kugeuka, kikombe kitupu. Yule bwana alicheka mpaka akafuta macho, nikasema moyoni, leo mambo yamekaa sawa.

Ndipo mhubiri mgeni akashika kipaza sauti. Akaeleza kwamba ile mikate mitatu ya Wayahudi ni Utatu, na wa katikati unaovunjwa ni Yesu, ila wenyewe hawajui. Mke wa yule bwana akaacha kula. Kisha, bila kuniambia lolote, mhubiri akamgeukia mgeni wetu: "Ndugu, hebu tuambie, kwa nini mlimkataa?" Watu zaidi ya mia, kimya, jenereta tu inanguruma nje.

Akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha miezi minane. Akasema: "Masihi ni mfalme. Akija, vita vinaisha. Asubuhi nilisikiliza redio. Vita havijaisha." Akakaa.

Mhubiri akadhani anakejeliwa. Akafungua Isaya 53, akaisoma yote na ufafanuzi juu, dakika ishirini nzima. Wageni waliondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Nilidhani nimealikwa chakula."

Nyundo ya Seremala
Pole mzee. Jibu lake lina umri mkubwa kuliko alivyojua mhubiri. Mwaka 1263 kule Barcelona, Rabi Musa bin Nahman alisimamishwa mbele ya mfalme wa Aragon abishane na Myahudi aliyebatizwa, Pablo Christiani. Akajibu hivyohivyo: manabii wameahidi amani, na tangu siku za Yesu mpaka leo dunia imejaa dhuluma. Na kuhusu Isaya 53, Rashi, mfafanuzi wao mkuu, anasema yule mtumishi anayeteseka ni taifa la Israeli lenyewe. Unaweza kukataa, lakini wana jibu.

Mwana wa Elgon
Nawasoma toka Mbale. Mimi si Myahudi, ila nimekua jirani na Abayudaya, wale waliofuata dini ya Kiyahudi na Semei Kakungulu tangu 1919. Shamba letu na lao vinapakana.

Ushauri wangu, Kibatari, waache wote watatu, umchukue rabi Musa bin Maimun, anayeitwa kwa kifupi Rambam, aliyefariki Misri mwaka 1204. Yeye aliweka kipimo. Akiinuka mfalme wa nyumba ya Daudi, anaishika Torati, anawarudisha Israeli kwenye njia yake na kupigana vita vya Mungu, adhaniwe kuwa ndiye. Akifaulu, akajenga Hekalu mahali pake na kuwakusanya waliotawanyika, basi ndiye kwa hakika. Asipofaulu au akiuawa, siye. Miujiza haihitajiki, na hapo Rambam anamtaja Bar Kokhba: Akiva hakumdai ishara yoyote. Mbwa mwitu kukaa na mwanakondoo anasema ni fumbo, dunia itaendelea na desturi yake. Ukiwa na kipimo hicho, hao watatu unawamaliza kwa dakika kumi.

Wa Kilindini
Rebbe humalizi kwa dakika kumi. Wapo wafuasi wake wanaosema atarudi, wapo wasiotaka kabisa kulisikia neno hilo, na wote ni Lubavitch. Na Rambam si Wayahudi wote. Kuna mahali kwenye Talmudi panaposema Masihi amekaa lango la Rumi kati ya wagonjwa, kila mmoja anafungua bandeji zote kwa pamoja, yeye anafungua moja anaifunga, anafungua nyingine, akiitwa asichelewe. Kuna Masihi mwana wa Yusufu atakayeuawa kwanza. Na Wayahudi wa Marekani wa tawi la Reform, la mageuzi, walipokutana Pittsburgh mwaka 1885 hawakungoja mfalme yeyote, waliongelea zama za haki na amani.

Kibatari
Sasa mmeniongezea watu badala ya kunipunguzia.

Chuma cha Pua
Ukweli ni kwamba Masihi wao ni nchi ya Israeli. Imeshakuja 1948.

Mwana wa Elgon
Uliza vizuri. Rabi Kook aliona Wayahudi kurudi kule ni mwanzo wa ukombozi. Rabi wa kundi la Satmar, Joel Teitelbaum, aliona ni uasi, kumtangulia Masihi kwa nguvu. Wote kanzu nyeusi na ndevu.

Chuma cha Pua
Siasa hizo, mnaficha

Msimamizi
Chuma cha Pua, jukwaa la siasa liko chini. Nimefuta majibu matano.

Mama Upendo
Tumsaidie mtoto. Kibatari, umemuuliza huyo mhandisi kama anapenda kuja? Na kama ataulizwa maswali mbele za watu?

Kibatari
Sijamuuliza. Nitampigia kesho. Nimeelekea kwa Rambam, ila lile la lango la Rumi limenikaa kooni. Bar Kokhba sijamwacha.

Nyundo ya Seremala
Malimau!

Mwana wa Elgon
Ukipata nafasi, wape na ule usemi wa Yohanan ben Zakkai: ukiwa na mche mkononi ukaambiwa Masihi amefika, panda mche kwanza, ndipo uende ukamlaki.

Mgagaa na Upwa
Mzee wa Usa River, umetuacha njiani. Kile kikombe cha Eliya alikunywa nani?

Mzee wa Usa River
Mhasibu wa kanisa. Alisema hakuona kimeandikwa jina.