Sebule nzuri, lakini wageni hawakai

Wadau, naomba ushauri. Sebule yangu imepangika: kochi la kijivu, kuta nyeupe, meza ya kioo, vigae vinavyong'aa. Kila mgeni anaisifia, kisha anakaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, kama anasubiri kuitwa jina. Hata mimi mwenyewe huishia chumbani. Nimekosea wapi?

Jibu: Angalia maandishi kwenye balbu ya dari. Ikiwa ni 6500K, huo mwanga ni mweupe wenye ubuluu, unafaa karakana. Tafuta ya 2700K, yenye umanjano. Tena usiku zima ya dari kabisa, washa taa mbili tatu fupi za pembeni.

Jibu: Simama katikati ya chumba upige makofi. Ukisikia mwangwi, wa kulaumiwa ni vigae na kioo. Sauti haina pa kunywea. Weka zulia nene, mapazia mazito yanayofika sakafuni. Na viti visogeze watu watazamane, si wote waikabili runinga kama wako kwenye basi.

Jibu: Picha zenu ziko wapi?

Muuliza swali: Kwenye simu, jamani! Makofi nimepiga, mwangwi upo. Nimepanda kiti kusoma balbu: 6500K kweli. Halafu nimekumbuka blanketi la viraka la marehemu bibi, nililificha kabatini kwa kuwa halilingani na kochi. Nimelitandika sasa hivi, bado linanuka dawa ya nondo. Paka ameshaliwahi.