Tangi la sentimita 90 linatosha diskasi sita?

Sebule_ya_Tabata

Wakuu, heshima kwenu. Nina tangi la kioo la 90 kwa 45 kwa 45, nimefugia samaki wa mapambo, gapi na enjeli, miaka mitatu. Sasa nimezimikia samaki wengine, diskasi. Kuna duka nimewaona, wadogo wa sentimita 5 hivi, wekundu na wa bluu, kila mmoja bei ya kuku wanne wa kienyeji. Muuzaji kaniambia nibebe sita, tangi langu linawatosha mpaka uzeeni. Mama watoto anasema muuzaji ulitegemea aseme nini.

Nimepiga hesabu nikapata lita 182. Linatosha kweli? Au nianze na watatu? Nipo nyumba ya chini, nimepanga, na maji ya bomba kwetu yanatoka siku mbili kwa wiki.

Babu_Diskasi

Mdogo wangu, msikilize mama watoto.

Hiyo 182 ni hesabu ya kioo, si ya maji. Toa unene wa kioo, toa na ile nafasi ya juu unayoiacha, unabaki na kama 150. Sisi huku tunahesabu lita 40 kwa kila diskasi mzima, kwa hiyo sita wanataka 240. Hao wa sentimita 5 wakilishwa vizuri, baada ya mwaka mmoja na nusu hivi wanafika 15 hadi 18, yaani kisahani cha chai kilichosimama wima.

Watatu usithubutu. Mwaka 2014 nilianza na wanne kwenye tangi la 60 kwa 30 kwa 40, najiona mjanja. Mmoja mwekundu akajitwalia kona ya chakula. Nikitia moyo wa ng'ombe niliousaga, anawapiga wenzake ubavu mpaka wanarudi nyuma, halafu hata hamalizi kula. Wawili walikufa ndani ya miezi minne. Wa tatu alihamia nyuma ya filta, kichwa kakielekeza ukutani, mwili mweusi kama mkaa, anahema mbiombio, kinyesi cheupe kama uzi kinaning'inia. Nilikuwa namvutia kiti namwangalia kila nikirudi kazini, kama mgonjwa wa nyumbani. Naye akaenda. Mbabe mwenyewe hakufaidi kitu, alidumaa: jicho kubwa, mwili kiduchu. Diskasi akishadumaa utotoni ndiyo basi, hata umtie bwawani hakui tena.

Wakiwa sita ugomvi haukomi, ila kipigo kinagawanyika, hakuna mmoja wa kuandamwa kutwa. Ndiyo maana swali la tangi linaanzia kwenye sita, halirudi chini.

Sasa hapo kwenye maji ya siku mbili ndipo penye kazi. Watu wengi hudhani tangi dogo litawapunguzia ndoo. Samaki ni walewale sita na mavi ni yaleyale, ila ndani ya lita 150 yanakolea upesi kuliko ndani ya 250. Kwa hiyo dogo ndilo linalokubebesha ndoo. Mimi wa kwangu wazima nawabadilishia theluthi ya maji mara mbili kwa wiki, ndoo nne za lita 20 kila mara. Wadogo wanaokua wanataka kila siku, maana wanalishwa mara nne tano kwa siku. Kabla hujamwita fundi wa kioo nunua pipa la lita 200, ikiwezekana mawili. Lijaze maji yakitoka, tumbukiza pampu ya hewa ibubujishe usiku kucha ili klorini, ile dawa ya maji ya bomba, iondoke, na asubuhi maji yana joto la chumba chako. Pipa lihesabu kuwa sehemu ya tangi. Kama huna pa kuliweka, huna pa kuweka diskasi.

Ushauri wangu: 120 kwa 50 kwa 50. Maji halisi yatakuwa kama 250. Kimo cha 50 usikipunguze, huyu samaki kaumbwa bapa na mrefu wa kimo, kule Amazon anapenya katikati ya matawi yaliyozama. Wala usipande hadi 70, mkono hautafika chini kusafisha.

Enjeli_Tu

Babu unamtisha mwenzio. Mimi nina watano kwenye lita 160, mwaka wa pili huu, wanang'aa.

Babu_Diskasi

Hongera. Unabadilisha maji mara ngapi?

Enjeli_Tu

Kila siku, nusu. Nina kisima nje na mpira unafika sebuleni.

Babu_Diskasi

Haya, mleta mada umesikia. Nusu kila siku, na kisima mlangoni. Wewe bomba lako ni siku mbili.

Ila kisima cha Dar angalieni, vingine vina chumvi. Diskasi wa dukani wengi wamezalishwa huko Thailand na Malaysia, ugumu wa maji wa kadiri wanauzoea, chumvi hapana. Onja kwanza.

Kijana_wa_Kasarani

Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi wa Dar hamjui mnavyopendelewa. Diskasi anataka nyuzi 28 hadi 30, na huku Julai maji ya chumbani yanashika kama yametoka friji. Tangi kubwa lilinisaidia kwa hilo pia. Stima zikipotea usiku, lita 300 zinapoa polepole, lakini lile langu la kwanza la lita 80 lilikuwa baridi kabla ya asubuhi. Hita weka mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikikwama kwenye kuwaka haitawachemsha, na ikizima kuna mwenzake. Ndugu wa Tabata, hata wewe utaihitaji usiku wa Julai.

Fundi_Silikoni

Nawatengenezea watu matangi, niseme la kwangu. 120 kwa 50 kwa 50 usikubali kioo cha chini ya milimita 10, na juu pawekwe mikanda ya kioo. Gundi ya silikoni iwe safi, ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu inaua samaki. Ikishagandishwa liache wiki nzima ndipo ujaze. Maji na kioo pekee ni kilo 300 na ushee, stendi bado. Sakafu ya chini ya zege haina shida, ila isawazishwe kwa pima maji, na chini ya kioo weka sponji au boksi la povu. Kokoto moja tu ikibaki hapo katikati, nitakuona tena.

Sebule_ya_Tabata

Wakuu asanteni. Jana nimeongea na mama watoto. Tangi kalikubali mara moja, kesi ikawa pipa. Tumekubaliana moja, likae korido karibu na choo, na yeye achote maji ya kufulia nguo humohumo Jumamosi.

Fundi kaja kupima leo. Mlango wa sebule ni sentimita 75, litapita kwa ubavu. Lile la 90 siuzi, Babu, nadhani litanifaa kumtenga mgeni kabla hajaingia kwa wenzake, au nimekosea?

Babu_Diskasi

Hujakosea. Wiki nne, bila changarawe, filta ya sponji. Na usimnunue anayejificha nyuma pale dukani hata ukipewa nusu bei. Mwambie muuzaji atie chakula mbele yako, uone nani anakuja.