Baba yangu yu hai, lakini mfumo umemtia kwenye orodha ya marehemu kwa sababu ya neno "kufanyiwa"

Assalamu alaikum ndugu zangu. Naandika nikiwa Amu, mtaa wa Langoni, saa tano usiku, na hasira niliyo nayo imenifanya niufute uzi huu mara mbili na kuuandika upya. Nitaeleza kisa, kisha nitaweka ulizo lenyewe (amri ya kutafuta data kwenye mfumo) hapa mlione, maana nimechoka kuambiwa kwamba tatizo ni letu.

Baba yangu ni mvuvi wa Kizingitini. Ana miaka 68 na bado anaingia baharini. Ni mwanachama wa chama cha wavuvi ambacho sitakitaja, kwa kuwa viongozi wake nao wameumizwa na jambo hili kama sisi. Chama hicho hukopesha nyavu na injini kila mwaka kabla ya kaskazi kuanza. Majina ya wanachama yalikuwa kwenye daftari, yakahamia Excel, halafu yakatiwa kwenye mfumo unaotunzwa na kampuni moja ya nje ya kaunti. Majuzi kampuni hiyo iliuhamisha mfumo kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, programu mbili tofauti za kutunza data. Wiki mbili baadaye zikatoka orodha mbili zikabandikwa ukutani: wanaostahili mkopo, na walioondolewa kwa kuwa wamefariki.

Baba alipanda boti alfajiri akaja Amu. Akapanga foleni. Zamu yake ilipofika, karani akatafuta jina, akanyamaza, akatafuta tena, kisha akamwambia: "Mzee, wewe hapa umeandikwa marehemu." Mbele ya watu. Baba akatoa kitambulisho akakiweka mezani, hakusema neno. Jioni nilimkuta barazani kwangu amekaa kimya, nikadhani kuna msiba nyumbani.

Siku hiyo hiyo, mjane mmoja wa Faza, bado yumo edani, alipokea ujumbe wa simu wa kumpongeza mumewe kwa kukubaliwa mkopo wa injini. Hebu fikirini mwanamke anaisoma meseji ile.

Nilipiga simu kampuni. Jibu: "Data yenu chafu. Makarani wenu wanaandika ovyo, mfumo uko sawa." Nikaomba nione ulizo lililotoa orodha. Wakagoma siku nne. Mwishowe katibu wa chama akalipata, akanichapia. Hili hapa:

SELECT jina, namba FROM wanachama
WHERE maoni NOT LIKE '%kufa%'
AND maoni NOT LIKE '%marehemu%';

Orodha ya marehemu ni ulizo hilo hilo limegeuzwa: LIKE '%kufa%' OR LIKE '%marehemu%'. Basi. Uhai na mauti ya watu vimeamuliwa kwa mistari hiyo.

Kwa msiolijua jambo hili: LIKE hulinganisha maandishi na ruwaza, yaani mpangilio wa herufi unaoutafuta. Alama ya asilimia maana yake ni herufi zozote, idadi yoyote, hata sifuri. Kwa hiyo '%kufa%' haitafuti NENO kufa. Inatafuta herufi k-u-f-a zikifuatana popote pale. Sasa wewe uliyezaliwa na Kiswahili, hesabu mwenyewe: kufanya, kufaa, kufahamu, kufaulu, kufaidika, kufanana, kufafanua. Vyote hivyo kwa fundi huyu ni kifo.

Maoni ya baba kwenye mfumo yanasema: "anaomba kufanyiwa ukaguzi wa mashua". Ndiyo yaliyomzika.

Nilikaa na katibu tukapitia walioandikwa marehemu mmoja mmoja. Wako 38. Waliofariki kweli ni 11. Waliobaki 27 wanakula na kunywa. Mmoja ameandikiwa "nyavu za zamani hazikufaa". Mwingine "hakufahamu tarehe ya mkutano". Kuna kijana wa miaka 24 aliyeandikiwa "injini ya marehemu babake", akauawa kwa kurithi injini. Na huyu ndiye aliyenikata maini: mzee mmoja aliwahi kuzushiwa kifo, chombo chake kilipochelewa kurudi, na karani mwenye busara akaandika wazi kabisa "ni uvumi, hakufa". HAKUFA. Karani amekanusha kwa Kiswahili fasaha, na mfumo umeichukua kanusho ile ile ukaifanya ushahidi.

Halafu mnatuambia data chafu. Sentensi hizo zina uchafu gani? Karani ameandika lugha ya watu kwenye nafasi iliyoitwa "maoni". Mliweka nafasi ya maoni, akaandika maoni.

Sasa njooni kwenye jambo lililonishtua zaidi, kwa sababu hili hata mimi lilinipita mara ya kwanza. Wanachama wote ni 312. Orodha ya wanaostahili ina watu 141. Ya marehemu ina 38. Jumlisha: 179. Wako wapi watu 133?

Hawamo kwa walio hai wala kwa waliokufa. Nikakesha nao. Ni wale ambao nafasi yao ya maoni haina kitu, yaani NULL. Katika SQL, lugha yanakoandikwa maulizo haya, NULL si maandishi matupu, ni "haijulikani". Ukiuliza kama kisichojulikana kinafanana na '%kufa%', jibu haliwi ndiyo wala siyo, linakuwa haijulikani. Ukitia NOT mbele yake, bado haijulikani. Na WHERE, sehemu ya masharti ya ulizo, huchukua mistari yenye jibu la kweli peke yake, mengine yote huyaacha nje kimya kimya, bila kosa kutokea kwenye skrini, bila onyo. Kwa hiyo mwanachama ambaye hajawahi kuwa na shida yoyote, ambaye karani hakuwa na la kuandika juu yake, ndiye aliyefutika kabisa.

Kampuni wanasema mwaka jana ulizo hili lilifanya kazi. Nimelifuatilia na nawajibu hapa hapa. Kule MySQL nafasi zile zilikuwa na maandishi matupu, siyo NULL, na maandishi matupu hayafanani na '%kufa%', kwa hiyo watu walipita. Katika kuhama mlitoa data kwa faili ya CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa mikato) mkaiingiza PostgreSQL kwa amri yake ya COPY. Kwa kawaida COPY ya CSV ikikutana na nafasi tupu isiyo na alama za kunukuu huihesabu NULL. Imeandikwa kwenye mwongozo wao, mtu yeyote anaweza kuisoma. Hamkuisoma. Na wale wa "kufanyiwa" mwaka jana nao walikatwa vile vile, ila katibu alipitia orodha kwa macho yake akawarudisha kwa kalamu. Kilichofanya kazi mwaka jana ni katibu.

Na yule marehemu wa Faza aliyepongezwa? Karani aliandika "AMEKUFA MWEZI WA TANO", kwa herufi kubwa. MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, PostgreSQL kwa LIKE inatofautisha. Kwa PostgreSQL, KUFA siyo kufa. Kwa hiyo marehemu wanne wamebaki kwenye orodha ya walio hai. Dawa yake ni herufi moja, ILIKE badala ya LIKE. Herufi moja, na mjane asingelizwa upya.

Najua kuna watakaosema tumia regex (ruwaza zenye uwezo kuliko za LIKE), weka ukomo wa neno, mambo yaishe. Nilijaribu kabla ya kuja hapa. Kwenye PostgreSQL, '\mkufa\M' inatafuta kufa kama neno zima (\m ni mwanzo wa neno, \M ni mwisho wake), na baba anapona. Lakini inaikosa "amekufa" na "alikufa", kwa sababu Kiswahili hubebesha kitenzi nafsi na wakati mbele yake. Ukitoa \m ukabakisha 'kufa\M', unazipata amekufa na alikufa, na unampata tena yule mzee wa "hakufa". Ukimnusuru yeye, bado kuna kijana wa injini ya marehemu babake. Bado kuna "alifariki", "ametangulia", "Mungu amrehemu", ambazo ruwaza hii haizioni kabisa. Hakuna ruwaza itakayokwambia nani amekufa. Kifo kinataka safu yake: hali, yenye thamani zilizofungwa, hai au marehemu au amejitoa, pamoja na tarehe na jina la aliyeingiza. Karani achague, asikisiwe. Hii si teknolojia ya ajabu, hata lile daftari la karatasi lilikuwa na safu hiyo! Katibu amenionyesha. Mlipolihamisha mliiacha.

Mpaka safu hiyo irudi, kwa uchache ulizo lisomeke COALESCE(maoni, '') NOT ILIKE na kuendelea, yaani NULL ihesabiwe maandishi matupu, ili wale 133 waonekane. (Mnaotumia Oracle, programu nyingine ya data, msiichukue hii kama ilivyo, huko maandishi matupu yenyewe huhesabiwa NULL, kwa hiyo ongezeni OR maoni IS NULL.) Na kabla ya kubandika chochote ukutani, piga hesabu tatu: wangapi LIKE, wangapi NOT LIKE, na wanachama wote ni wangapi. Mbili za kwanza zikijumlishwa zisipofika ya tatu, usichapishe. Inachukua dakika mbili. Mimi nilifanya kwa simu, nimekaa barazani.

Yapo mengine niliyoyakuta humo nikiwa natafuta. Namba za baadhi ya wanachama zimeandikwa kwa kistari cha chini, mfano KZ_14, na kisanduku cha kutafutia kinatumia LIKE. Kistari cha chini ndani ya LIKE maana yake ni herufi moja yoyote. Kwa hiyo ukitafuta KZ_14 unaletewa na KZ214, mtu mwingine kabisa, na malipo mawili ya mwaka huu yameingia kwa mtu siye. Andikeni KZ\_14, au tumieni alama ya sawasawa tu, kwani namba kamili haihitaji ruwaza. Majina yenye kiapostrofi nayo, kama Sa'id: aliyeandikia kompyuta na aliyeandikia simu wametumia alama mbili tofauti, U+0027 (iliyonyooka) na U+2019 (iliyopinda). Kwa macho ni kitu kimoja, kwa mfumo ni watu wawili.

Hapa naomba msaada wa kweli kwa wenye uzoefu. Athman, Athumani, Othman na Uthman wanaweza kuwa mtu mmoja kwenye karatasi nne. Khadija na Hadija vile vile. LIKE haisaidii. Nilijaribu Soundex, njia ya kugeuza jina kuwa msimbo kufuata matamshi, ambayo ni ya mwaka 1918 na ilitengenezewa majina ya Marekani: inawakutanisha Athman na Athumani, wote A355, lakini kwa kuwa inashika herufi ya kwanza, Othman anakwenda O355 na Hadija anatengana na Khadija. Nimeanza kutazama pg_trgm, nyongeza ya PostgreSQL inayokata neno vipande vya herufi tatu tatu na kupima kufanana. Aliyeitumia kwa majina ya kwetu aniambie kiwango gani cha kufanana alikiweka. Sitaki mashine iamue, nataka imletee karani majina matano aulize mwenyewe.

Kwa kampuni, najua mnasoma humu. Hatutaki punguzo la ada. Tunataka orodha zote mbili ziondolewe ukutani, watu 27 waombwe radhi kwa majina yao, 133 warudishwe, na mtu wenu apande boti aende Faza akazungumze na yule mama uso kwa uso.

NYONGEZA, Jumatano usiku: Wamenijibu. Wanasema suala la baba "limetatuliwa". Nimeomba katibu aangalie. Hawakugusa ulizo. Walichofanya ni kwenda kwenye mstari wa baba wakafuta maoni yake, lile ombi lake la kufanyiwa ukaguzi wa mashua, ambalo amelisubiri tangu Ramadhani. Kwenye orodha ya marehemu hayupo tena. Kwenye ya wanaostahili pia hayupo. Nafasi yake sasa ni NULL.