Tupeane uzoefu: urembo gani mngependa utokomee huku kwetu Kusini?

Bint Shangani
Wana Mtwara na Lindi, salamu kwenu. Pesa za korosho zimeanza kuingia, likizo ya Desemba iko mlangoni, na kama ilivyo ada harusi na ngoma za kutoa mwali zitafuatana wiki kwa wiki. Kilichonigutua ni picha zinazozunguka kwenye magrupu: watoto wa darasa la nne wametolewa ndani wakiwa na kope za bandia, wigi la gundi na piko mpaka viwikoni. Mtoto wa miaka kumi! Semeni, mtindo gani mnatamani uondoke kabisa, na kwa nini? Wasusi, wapambaji, wafamasia, mafundi cherehani, elezeni kwa kina ili atakayesoma ajue la kufanya.

Msusi wa Magomeni
Naanza na rasta za kukaza. Mteja anasema "kaza dada, zidumu", msusi naye anakaza mpaka nyusi zinapanda, halafu mteja anaondoka na kidonge cha maumivu. Nywele imeshikwa na mzizi tu. Ukiuvuta mfululizo, mzizi unavimba, vinatoka vipele vidogo vyenye usaha, kisha nywele za kwenye paji na juu ya masikio zinakuwa laini na fupi. Hapo bado zinaweza kurudi mtu akiacha kuvuta kwa miezi kadhaa. Akiendelea, kovu linaziba tundu la nywele, ngozi inabaki inang'aa, na hakuna mafuta yatakayoziotesha tena.

Kinachoumiza zaidi ni uzito. Fungu jembamba la nywele linabebeshwa fungu nene la rasta linalofika kiunoni. Sawazisheni hayo mafungu mawili. Pembeni mwa uso anzeni na nywele yenyewe, rasta iongezwe kidogo kidogo kadiri mnavyoshuka, bila fundo pale kwenye ngozi. Zitolewe ndani ya wiki 6, zikizidi sana 8. Na kama kichwa kimewekwa dawa ya kulainisha nywele, subirini angalau wiki mbili kabla ya kusuka, maana nywele iliyotoka kwenye dawa haina nguvu.

Maji ya moto ya kumalizia ni ncha tu zinazochovywa, tena taulo nene liwe limefunika mgongo. Rasta zinashika maji yale ya moto na kuyabwaga shingoni.

Nanguruwe
Naunga mkono kwa mikono miwili. Kichwa kinachouma siku tatu hakijasukwa, kimeadhibiwa.

Somo wa Mikindani
Mwenye uzi umetaja piko, na hapo ndipo pana hatari ambayo watu hawaioni. Hina ni majani ya mhina yaliyosagwa. Haiwezi kutoa rangi nyeusi ndani ya nusu saa. Inatoa rangi ya chungwa kwanza, kisha inakolea kuwa kahawia au nyekundu iliyoiva siku ya pili. Ukiona mpambaji anakoroga unga wa rangi ya nywele na maji yake ya kuchanganyia, akauchora mkononi ukawa mweusi tii papo hapo, hiyo ni kemikali iitwayo PPD. Kwenye rangi ya nywele, Ulaya wameweka mwisho wake asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na kuipaka moja kwa moja kwenye ngozi kama urembo hairuhusiwi kabisa. Wapambaji wetu hawapimi chochote, wanakadiria kwa jicho.

Inavyodhuru ni hivi. Mara ya kwanza mwili unaweza kunyamaza, au ngozi ikawasha baada ya wiki moja au mbili wakati sherehe imeshasahaulika. Kumbe mwili umeshaikariri ile kemikali. Mara inayofuata, ndani ya siku moja hadi tatu, ua lote linavimba kwa mchoro uleule: jani linakuwa lengelenge, mkunjo wa shina unakuwa lengelenge, maji yanatoka. Kidonda kikipona kinaacha alama nyeupe au nyeusi inayofuata mchoro, na inaweza kukaa miezi. Na mzio huo hautoki. Mtu huyo akija kupaka rangi ya nywele utu uzimani, anaweza kuvimba uso mzima mpaka macho yakafumba. Mtoto wa miaka kumi unampa tatizo la maisha kwa sherehe ya siku moja.

Anayetaka ua, apake hina. Chukua nusu kikombe cha unga wa hina ulioukung'uta kwa kitambaa chepesi, kijiko kimoja cha chai cha sukari, maji ya ndimu au chai ya rangi iliyopoa, korogea mpaka iwe nzito kama mtindi. Funika, iache saa 6 hadi 8 kwa joto letu hili. Jaza kwenye koni, chora, acha ikae saa 6 au usiku kucha. Ikianza kukauka iguse kwa pamba yenye maji ya ndimu na sukari ili isibanduke. Ukiiondoa, ikwangue, usiioshe. Maji yasiguse mpaka kesho yake. Ndiyo maana hina hupakwa siku mbili kabla ya harusi, siyo asubuhi ya harusi. Anayekuambia aongeze mafuta ya taa au petroli ili ikolee, ondoka kwake.

Na mtoto mchanga asipakwe hata hina halisi. Wapo watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na huku kwenye malaria nyingi si wachache. Hina inaweza kuzivunja chembe zao nyekundu za damu. Mtoto anapauka, macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa wa rangi ya chai.

Mpenda Asili
Shikamoo somo. Lakini piko ni ya pwani, mama zetu wamepaka miaka yote. Wengi wanapaka na hawapati kitu. Kila kitu cha kwetu kikiondolewa tutabaki na nini?

Somo wa Mikindani
Marahaba mwanangu. Ua mkononi libaki, tena lichorwe vizuri zaidi. Kinachotakiwa kuondoka ni kopo la rangi ya nywele juu ya ngozi ya mtoto. Na hilo la "wengi hawapati kitu" lisikutie moyo, kwa sababu anayepaka mara ya tano salama anaweza kuumwa mara ya sita.

Mpenda Asili
Bado naona wapambaji wafundishwe, siyo kupigwa vita.

Dereva wa Chuno
Naomba niingize la barabarani, maana linaua. Dera refu, mtandio mrefu na ushungi ulioachwa ukipepea kwenye bodaboda. Pikipiki nyingi tunazotumia mnyororo uko kushoto, na akina mama wanaokaa upande hutupa miguu kushoto. Kiwandani pikipiki hutoka na kinga ya nguo, kile chuma kinachozuia nguo isiingie kwenye gurudumu la nyuma, na mnyororo umefunikwa kifuniko kizima. Madereva wengi wanavifungua: kinga kwa sababu mizigo inakosa pa kukaa, kifuniko kwa sababu kinapiga kelele kikilegea.

Sasa pindo la dera linaingia kati ya mnyororo na gia ya nyuma. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa gurudumu linazunguka kama mara sita kila sekunde. Nguo haikatiki, hasa hii ya nyuzi za plastiki, inajiviringisha. Abiria anavutwa chini na nyuma kabla hajapiga kelele, na kama ni mtandio umezungushwa shingoni, unakaza shingo. Gurudumu nalo linajifunga, pikipiki inaserereka. Kwenye mteremko wa kushukia Mikindani, nyuma yako kuna lori, hapo maliza mwenyewe.

Dereva ukiona nguo imenaswa, kata mafuta, bana klachi, usifunge breki ya mbele kwa nguvu. Simama, zima injini, ndipo urudishe gurudumu nyuma kwa mkono taratibu. Nguo isipotoka, kata kwa kisu. Usiivute.

Mama Lindi Mjini
Mungu wangu. Mwili umesisimka.

Mtama Kwetu
Kwa hiyo mnataka dera liondoke? Semeni mnataka wanawake wavae suruali.

Dereva wa Chuno
Hapana dada yangu. Kusanya pindo, likalie. Ushungi uingize ndani ya nguo. Basi.

Ruangwa Moja
Akae mguu huku mguu huku, amalize tatizo.

Mtama Kwetu
Na gauni la kubana akae hivyo vipi, kaka? Mwambieni dereva arudishe kinga yake kwanza. Chombo ni chake, na nauli anachukua yeye.

Fundi wa Newala
Wote mna haki. Kwa upande wa cherehani, dera libadilishwe urefu. Mengi ya dukani yameshonwa saizi moja, mtu mfupi anakokota. Pima ukiwa umevaa viatu, pindo liishie kwenye kifundo cha mguu, kunja mara mbili ushone. Kitambaa nacho: chomoa uzi mmoja, uchome. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha jivu laini. Plastiki inayeyuka, inakuwa shanga ngumu nyeusi. Hiyo ya plastiki ikigusa bomba la moshi upande wa kulia inaganda kwenye ngozi, na kwa jasho letu la Januari inaleta fangasi mapajani. Suruali za modo zinazobana zina kosa hilohilo.

Bint Shangani
Ahsanteni, lakini uzi umehamia bodaboda. Mkorogo je, hizi krimu za kujichubua?

Mfamasia Masasi
Nilikuwa nasubiri. Mkorogo siyo kitu kimoja. Mara nyingi kuna vitu vitatu ndani ya kopo moja, na kila kimoja kina ubaya wake.

Haidrokwinoni inazuia ngozi kutengeneza rangi. Ukiipaka muda mrefu kwenye jua kama hili letu, inageuka: mashavu yanatoka madoa ya bluu na kijivu yenye chembechembe kama mbegu. Watu wanadhani ni ngozi imerudi, wanaongeza kupaka, yanazidi. Madoa hayo hayana dawa ya uhakika.

Zebaki inapita kwenye ngozi mpaka kwenye figo. Mtu anavimba uso asubuhi na miguu jioni, mkojo unatoa povu. Hata wanaolala naye na mtoto anayembeba wanaipata. Chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni vilitakiwa kukoma kufikia 2020, na ukomo wa vyote vilivyoongezwa zebaki ukawekwa 2025. Kwenye kopo angalia maneno "mercury", "calomel", "mercurous chloride", au onyo la kutogusisha krimu na dhahabu au fedha. Kopo lisilo na orodha ya viambato usilipake.

Ya tatu ni krimu za dawa, klobetazoli na betamethazoni, zile tyubu ndogo za hospitali zinazochanganywa kwenye losheni. Zinalainisha ngozi mpaka mishipa inaonekana, zinaleta michirizi mapajani na kwapani, chunusi, na fangasi inayojificha. Ngozi hiyo ikifanyiwa upasuaji, inapona polepole na nyuzi zinaweza kuachia. Mjamzito anayetegemea kujifungua kwa kisu alijue hilo mapema. Na hata akipaka mwili mzima, vifundo vya vidole vinabaki vyeusi, kila mtu anaona.

Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ukiikuta dukani, peleka taarifa kwao.

Nanguruwe
Aache leo leo, kopo jalalani.

Mfamasia Masasi
Yenye haidrokwinoni na zebaki, ndiyo, leo. Ila aliyepaka klobetazoli usoni kwa miezi akiacha ghafla, uso unawaka, unavimba na kutoa vipele, naye anarudi kwenye kopo akidhani ndiyo dawa. Huyo aende kwa daktari wa ngozi apunguziwe kwa hatua. Na kopo la zebaki usilichome wala kulimwaga kisimani. Lifunge ndani ya mifuko miwili, uliulizie hospitali.

Mama Lindi Mjini
Mbona kila kitu ni wanawake? Wanaume na kata K zao, suruali imefungwa chini ya makalio, bado hatujasema.

Kinyozi Nachingwea
Sawa dada, nakuunga mkono. Kata K iende, na kuchonga nywele kwa wembe iende nayo. Kila wiki mstari wa paji unasogezwa nyuma, na kidevuni ndevu zilizokatwa chini ya ngozi zinajikunja, zinarudi ndani, zinatoa vipele vigumu vinavyogeuka makovu. Mwenye ndevu za kujikunja aache urefu wa milimita moja, mashine tu, bila wembe.

Mashine nayo isafishwe kila kichwa: piga brashi nywele zitoke, futa kwa spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe. Ukitumia klorini ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji, loweka meno ya mashine dakika 10, suuza, kausha, tia mafuta, la sivyo yanapata kutu. Mapunye ya watoto wengi yanatoka hapo.

Mzee wa Kitangari
Wanangu, mama zetu wa Kimakonde walitoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya ya mpingo, na nyuso zikachanjwa nembo. Ulikuwa urembo wa heshima, na leo ni wachache mno waliobaki nayo. Hakuna aliyefukuzwa kijijini kwa kuiacha. Kwa hiyo msiniambie kope haziwezi kuachwa.

Ruangwa Moja
Bungeni zilishaachwa, mzee. Mwaka 2018 Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alipiga marufuku kope na kucha za bandia.

Mama Lindi Mjini
Marufuku haisaidii. Watu waelezwe.

Dada wa Mingoyo
Jamani nisaidieni. Mdogo wangu amebandikwa kope kwa super glue, jicho moja limeshikana pembeni. Tuweke asetoni?

Msusi wa Magomeni
Asetoni isikaribie jicho hata tone! Na msivute. Loweka kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, kiweke juu ya jicho lililofumbwa dakika 10, pumzika, rudia. Gundi huachia polepole. Akiona ukungu, jicho likiwa jekundu au likichoma ndani, nendeni hospitali usiku huuhuu. Mafuta ya nazi yanatoa zile kope za mkanda zenye gundi nyeupe tu: yapake kwenye mstari, subiri dakika 5, ianze kubanduka kwa pembeni ya nje. Kwa super glue msiyategemee.

Mfamasia Masasi
Naongezea: kama ana kucha za bandia au rangi nzito, zitoeni kwenye angalau kidole kimoja kabla ya kufika hospitali. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kinasoma kwa mwanga unaopita kwenye kucha, na rangi nyeusi au bluu inaweza kukikosesha. Hapo asetoni ndiyo mahali pake: kwaruza juu kidogo kwa tupa, pamba yenye asetoni, funga kwa karatasi ya alumini dakika 15, kisha sukuma kwa kijiti. Msing'oe.

Dada wa Mingoyo
Ahsanteni sana. Maji yako jikoni, jicho limeanza kuachia upande wa nje.