Chebet ana rekodi ya 28:54, mbona Paris kashinda kwa 30:43?

MamaZu_Ngamiani
Wakuu habari za humu, wakubwa shikamooni. Wajuzi wa riadha naomba msaada. Binti yangu yuko form two hapa Tanga, anakimbia mbio ndefu na anazipenda kweli, alfajiri haamshwi. Sasa kochi wake kila siku ni taimu taimu, na mtoto akiziangalia taimu zake na hili joto la pwani anakosa raha kabisa. Juzi tumekaa tunaangalia klipu za mita 10,000 wanawake, Mkenya Beatrice Chebet kaweka rekodi ya dunia kule Eugene, Marekani, mwezi wa tano 2024, 28:54.14, afu miezi miwili na nusu mbele anachukua dhahabu ya Olimpiki Paris kwa 30:43.25. Karibu dakika mbili zaidi! Binti akaniuliza, mama kwani alikuwa anaumwa? Jibu sina. Inakuwaje hii?

Kengele_ya_Mwisho
Dada hakuumwa hata kidogo. Eugene walikuwa wanasaka taimu, kuna mapesimeka, wale wanaovuta spidi raundi za mwanzo kisha wanatoka, na kuna taa pembeni ya uwanja zinakuonyesha kama uko kwenye spidi ya rekodi au umeachwa. Olimpiki hakuna pesimeka wala taa. Na nani akubali kuwakatia wenzie upepo raundi 25 afu wampite kona ya mwisho? Piga hesabu, Eugene kila raundi wastani wa sekunde 69 na ushee, Paris karibu 74. Kwa spidi hiyo kundi halikatiki, watu wanavumiliana mpaka mwisho halafu anashinda mwenye miguu iliyobaki. Angalia nafasi ya pili, Mtaliano Nadia Battocletti, 30:43.35. Kilomita kumi nzima wameachana sehemu moja ya kumi ya sekunde! Shaba Sifan Hassan 30:44.12, na siku mbili baadaye mama huyo akashinda marathoni. Mimi ile mbio siichoki.

Muheza_Juu
Nakubali nusu mkuu. Usimfundishe mtoto kwamba Olimpiki lazima iende polepole. Rio 2016 Alice Aprot wa Kenya alivuta toka mwanzo bila kuogopa mtu, katikati Almaz Ayana wa Ethiopia akachukua usukani akaondoka mazima, 29:17.45, rekodi ya dunia ndani ya fainali ya Olimpiki na hakuna pesimeka. Vivian Cheruiyot wa pili 29:32.53. Akiwepo mmoja wa kuthubutu, mbio inabadilika kwa wote.

Kengele_ya_Mwisho
Hiyo kweli kaka, Rio siibishii. Ila ujue Ayana alifanya vile kwa sababu alijua anaweza kuwaacha mapema, asiyeweza hivyo akijaribu anajimaliza.

Bi_Raskazone
Wanangu, mi naongezea moja tu. Mita 10,000 kwa wanawake Olimpiki imeanza 1988 Seoul, kabla ya hapo dada zetu walikuwa hawana hata pa kujaribu. Mbio iliyofuata, Barcelona 1992, Derartu Tulu wa Ethiopia alikaa nyuma ya Elana Meyer wa Afrika Kusini raundi kadhaa, Meyer anataka apokezane naye kuvuta, Derartu hataki, kengele ya raundi ya mwisho ikakaribia akatoka. 31:06.02. Mwanamke wa kwanza mweusi wa Afrika kupata dhahabu ya Olimpiki, na baadaye wakazunguka uwanja pamoja, mimi machozi yalinitoka. Muonyeshe binti hiyo.

Usambara_Runner
Mama Zu, hili la taimu mwambie binti hivi. Zakia Mrisho wetu, Mtanzania, alimaliza wa sita mita 5,000 mashindano ya dunia Helsinki 2005 kwa 14:43.87. Mashindano hayohayo ya dunia, Tokyo 2025, Chebet huyohuyo kachukua dhahabu ya mita 5,000 kwa 14:54.36, na miezi miwili kabla alishakimbia 13:58.06 rekodi ya dunia. Yaani taimu ya nafasi ya sita ya Zakia ni kali kuliko ya dhahabu ya Tokyo! Na Tokyo ilikuwa joto na jasho kama Tanga tu. Kochi apime taimu sawa, ila amfundishe na kubadilisha spidi akiwa kachoka: akimaliza mbio yake ya taratibu apige mita 200 kwa nguvu, apumzike kwa kutembea, arudie mara chache. Na kwenye kona asikae leni ya pili, raundi nzima kule nje ni kama mita 7 za bure. Likizo kama mna ndugu Lushoto mpeleke, baridi na vilima vitamsaidia.

MamaZu_Ngamiani
Mungu awabariki wote, nimemsomea yote, ya Zakia kaniambia nirudie. Anauliza hizo mita 200 azipige barabarani au ufukweni?

Usambara_Runner
Ufukweni maji yakipwa, pale mchanga ulipolowa ukashikana, na avae raba kuna vipande vya chupa. Aanze na nne tu wiki hii.