Rothenburg, Bruges au Carcassonne: nilipie upi?

Mwana_Pangani: Wakuu, nina siku tatu na kesho usiku nalipia kabla bei haijapaa. Nimebaki na Rothenburg (Ujerumani), Bruges (Ubelgiji) na Carcassonne (Ufaransa). Nataka mji wa zama za kati hasa, kuta na minara. Mngekuwa nyie?

Bwana_Behewa: Unatokea wapi? Mwezi gani? Na nani? Acha mafumbo.

Mama_Chapati: Bruges! Kutoka Brussels ni kama saa moja kwa treni. Mnara wa kengele pale Markt, uwanja mkuu wa mji, una mita 83, ngazi 366, ukifika juu mji wote uko chini yako.

Fundi_Mawe: Bruges ni chokoleti na foleni. Carcassonne ndiyo ngome: kuta mbili, moja ndani ya nyingine, minara 52.

Bwana_Behewa: Na yale mapaa yenye ncha ni ya msanifu Viollet-le-Duc, aliyeikarabati karne ya 19. Alilaumiwa kwa kuezeka kama watu wa kaskazini mwa Ufaransa. Utaangalia zama za kati au ndoto za msanifu?

Fundi_Mawe: Na Rothenburg je? Machi 1945 ilipigwa mabomu, upande wa mashariki ukateketea. Pita ukutani usome vibao vya waliochangia kuujenga upya, hadi Wajapani wamo.

Bwana_Behewa: Kujenga upya si kughushi. Msikiti ukiezuliwa na upepo ukaezekwa tena, umeacha kuwa msikiti?

Mwana_Pangani: Samahani, niko Frankfurt. Ni Desemba. Naenda na mama, amekuja kutoka Tanga, ana miaka 68 na goti linamsumbua.

Mama_Chapati: Yaani umeniacha nisifie ngazi 366 ndipo unaleta goti!

Shangazi_wa_Köln: Mwanangu, nisikilize. Mimi Bruges nilikwenda na dada yangu, tukapanga chumba nyumba ya kale, kwenye picha dirisha linatazama mfereji. Kutoka stesheni tukasema tutembee tu. Yale mawe ya njiani! Gurudumu moja la sanduku likang'oka, tukalikokota linakwaruza mtaa mzima, watu wanatugeukia. Kufika, chumba kiko ghorofa ya tatu, ngazi za mbao zimesimama kama za kupandia mnazi, na badala ya mkono wa ngazi wamening'iniza kamba. Dada alipanda kwa makalio, kinyumenyume. Mwenye nyumba anatuambia ndiyo uhalisia wenyewe. Siku mbili dada hakushuka, chakula nampandishia mimi. Kwa hiyo kabla ya mji, uliza lifti.

Bwana_Behewa: Pole Shangazi. Rothenburg basi: treni za mkoa kupitia Würzburg, mnabadilisha Steinach, tiketi ya mwezi inatosha. Desemba kuna soko la Krismasi. Ukutani asipande, ngazi ni kali.

Fundi_Mawe: Sasa ukuta asiupande, ameenda kuona nini?

Mama_Chapati: Ataketi mkahawani autazame. Kwani Fort Jesus kila mtu hupanda juu? Ila boti za Bruges wakati wa baridi hazitembei kila siku, hilo nakubali.

Shangazi_wa_Köln: Mama ana koti la maana?

Mwana_Pangani: Koti analo. Viatu ndiyo kaja na ndala na vile vya harusi.

Shangazi_wa_Köln: Namba ngapi? Nina buti za manyoya ndani, sijazivaa.

Mwana_Pangani: 39.